Urukususu, presha na vimeng'enya vya figo

Wagonjwa wengi wanaoletwa maabara kupimwa homoni hapa Lamu hutaka kujua jambo moja tu, nalo ni kama homoni zao ziko juu au chini. Swali hilo ni la haki, lakini jibu lake halitoshi, kwa kuwa homoni za jamii ya steroidi hazifanyi kazi kwa wingi wake katika damu peke yake. Kila kiungo kina vimeng'enya vyake, yaani protini zinazoharakisha mabadiliko ya kemikali mwilini, na hivyo ndivyo vinavyoamua kama homoni iliyofika hapo itatumika ilivyo, itageuzwa kuwa kali zaidi au itazimwa.

Asili ya steroidi zote za mwilini ni kolesteroli. Katika tezi za adrenali zilizo juu ya figo, na katika korodani na ovari, vimeng'enya huibadilisha hatua kwa hatua mpaka ipatikane kotisoli, aldosteroni, testosteroni au estrojeni. Hatua moja ikikwama, malighafi hurundikana na kutafuta njia nyingine. Mtoto wa kike aliyezaliwa na upungufu mkubwa wa kimeng'enya kiitwacho 21-haidroksilesi hukosa kotisoli ya kutosha, huku homoni za kiume zikimzidia tangu tumboni, hata ikawa vigumu kwa mkunga kuitambua jinsia yake.

Mfano unaonishangaza zaidi uko kwenye figo. Aldosteroni ndiyo inayoiamuru figo irudishe chumvi mwilini na kutoa potasiamu kupitia mkojo. Hata hivyo, kipokezi chake, yaani sehemu ya seli inayoipokea homoni, hakibagui: kotisoli nayo hukishika vilevile, na katika damu kotisoli huizidi aldosteroni mara mamia. Kwa hesabu hiyo sote tungekuwa na presha. Kinachotuokoa ni kimeng'enya kilichomo ndani ya seli zilezile za figo, ambacho wataalamu hukiita 11-beta-HSD ya aina ya 2, na kazi yake ni kuigeuza kotisoli kuwa kotisoni, ambayo haina nguvu juu ya kipokezi hicho.

Urukususu hukizuia kimeng'enya hicho, na kotisoli ikabaki kuiamuru figo kana kwamba ni aldosteroni. Nausema ule mzizi wa rangi ya manjano, mtamu kupita sukari, unaouzwa pamoja na habasoda na uwatu katika maduka ya Usita wa Mui, njia kuu ya mji wa Lamu, na ambao Wamisri hunywa maji yake mwezi wa Ramadhani. Khalati yangu alianza kuuchemsha pamoja na tangawizi kwa ajili ya kikohozi, na kikohozi kilipokwisha akaendelea kwa sababu ya utamu wake. Presha ilimpanda, miguu ikamvimba, na mapaja yakamlegea hata ngazi za nyumba yake zikamshinda. Alikotibiwa kwanza aliongezewa dawa ya kukojoza, ambayo nayo huondoa potasiamu, hali ikazidi kuwa mbaya. Nilipomuuliza ni dawa gani anazotumia nyumbani, alinijibu, "Dawa gani, mwanangu? Mimi hunwa chai tu." Kotisoli yake ilipopimwa ilikuwa ya kawaida kabisa, kilichokuwa chini ni potasiamu, ambayo ikipungua misuli hulegea. Aliuacha mzizi, akapewa potasiamu, na presha ikashuka polepole, kwa sababu kimeng'enya kilichozuiwa kwa muda mrefu hakirudi kazini siku moja. Yeye mwenyewe mpaka leo hushikilia kuwa ulikuwa upepo.

Jambo hili si geni kwa matabibu. Daktari Mholanzi F. E. Revers aliandika mwaka 1946 kwamba wagonjwa wa vidonda vya tumbo aliowatibu kwa urukususu walivimba miili, ingawa ilibidi kungoja hadi 1988 ndipo watafiti wa Edinburgh na wa Melbourne walipoeleza jinsi kimeng'enya cha figo kinavyohusika. Wataalamu wa Ulaya wameshauri mtu asizidishe miligramu 100 kwa siku za asidi ya glisirizi, ambayo ndiyo kiini cha mzizi huo. Ushauri mzuri, ila dukani kwetu mzizi hupimwa kwa kiganja.

Ini lina kimeng'enya ndugu, cha aina ya 1, kinachofanya kinyume chake, yaani kuirudisha kotisoni kuwa kotisoli. Ndiyo maana vidonge vya prednisoni, dawa ya jamii hiyo ya steroidi, havina nguvu mpaka ini livigeuze kuwa prednisoloni, na daktari wa mgonjwa ambaye ini lake limeharibika sana huona heri ampe prednisoloni moja kwa moja. Kwenye tezi dume, kimeng'enya cha 5-alfa-riduktesi huigeuza testosteroni kuwa homoni kali zaidi inayoikuza tezi hiyo, na dawa ya finasteridi, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1992, hukizuia.

Kimeng'enya cha aromatesi hugeuza homoni za kiume kuwa estrojeni. Mwanamke akishakoma hedhi, ovari zake huacha kutoa estrojeni ya maana, na inayobaki hutengenezwa zaidi kwenye mafuta ya mwili. Kwa hiyo letrozoli, inayokizuia kimeng'enya hicho, humfaa mama wa umri huo mwenye saratani ya matiti inayolishwa na estrojeni. Vidonge hivyo havipaswi kugawanwa nyumbani kama tunavyogawana panadoli, kwa sababu kwa msichana ambaye ovari zake bado zinafanya kazi, ubongo huona estrojeni imepungua na kuziamrisha ovari ziongeze bidii. Na madaktari wa uzazi huitumia letrozoli hiyohiyo kuwasaidia wanawake ambao mayai yao hayapevuki.