Nilivyoacha sigara huku nikitumia olanzapini

Kabla sijaizima sigara ya mwisho, nilikwenda kliniki kumwambia daktari anayeniandikia olanzapini, dawa yangu ya maradhi ya akili. Rafiki niliyelazwa naye wodi moja ndiye aliyenihimiza: "Usiache kimyakimya, ndugu yangu. Dozi yako ilipimwa ukiwa mvutaji."

Daktari alinifafanulia. Moshi wa tumbaku unalichochea ini kutengeneza kwa wingi kimeng'enya kiitwacho CYP1A2, na hicho ndicho kinachovunja olanzapini, na klozapini pia, dawa nyingine ya maradhi ya akili. Kwa hiyo mvutaji mara nyingi huhitaji dozi kubwa kuliko asiyevuta. Akiacha, ini linarudi katika hali yake kwa muda wa wiki moja hivi, dawa inabaki mwilini zaidi, na dozi ileile inamzidi. Kwa klozapini ndipo pa kuogopa hasa, maana ikizidi sana mtu anaweza kuanguka kama mwenye kifafa. Na kinachofanya yote hayo ni moshi, si nikotini. Ndiyo maana chingamu ya nikotini aliyoniandikia ilinipunguzia hamu bila kugusa dawa.

Akapunguza dozi kidogo, akaniambia nirudi upesi. Mama ndiye aliyekuwa kipimo changu. Asubuhi moja aligonga mlango wakati wa Alfajiri, akagonga tena, mwisho akaingia kunitikisa. "Mwanangu, usingizi huu si wako." Nilirudi kliniki, dozi ikapunguzwa tena, na ule uzito ukaondoka.

Kahawa ilinisumbua kuliko dawa yenyewe. Hapa Mombasa jioni ni barazani, dele liko juu ya makaa, na kahawa chungu inazunguka kwa vikombe vidogo. Vikombe nilivyozoea miaka yote sasa vilinifanya moyo unidunde, vidole vikatetemeka, na usiku nikakesha. Kwa mtu mwenye maradhi yangu, kukosa usingizi kunatisha nyumba nzima. Wote walidhani yameanza tena. Kumbe kafeini nayo inavunjwa na kimeng'enya kilekile, na kikipungua, kikombe kimoja kinadumu mwilini muda mrefu zaidi. Daktari alisema nipunguze kahawa kwa nusu, na baada ya Alasiri nisiinywe kabisa. Usingizi ukarudi bila kuongezewa kidonge.

Miraa nilikwisha kuiweka mbali. Kathinoni iliyomo ni ya jamii ya amfetamini, yaani vichangamshi, inaongeza dopamini, kemikali ya kupitisha ujumbe kwenye ubongo, na olanzapini inafanya kazi ya kuizuia dopamini hiyohiyo. Barazani wakinisogezea kifungu, nawaambia natumia dawa, nao wanaelewa.

Linaloniuma ni wale wasioambiwa. Mtu analazwa, wodini haruhusiwi kuvuta, dozi inapimwa hali hana moshi mwilini, anatulia. Akifika nyumbani anawasha sigara, dawa inashuka mwilini ingawa anaimeza kila siku, na sauti zinarudi. Jirani wanasema karogwa upya, au wanamlaumu kwamba anatema vidonge. Mwezi uliopita mama mmoja wa mtaani alinilalamikia hivyo kuhusu kijana wake aliyetoka hospitali. Nikamuuliza: "Mama, anavuta?" Akasema kama zamani. "Na wodini alikuwa akivuta?" Akanyamaza, akawaza. Nikamwandikia maneno hayo kwenye karatasi ampelekee daktari, na nikamsihi asimwongezee wala asimpunguzie vidonge mwenyewe. Siku ya kliniki nilimsindikiza.