Si kila tumbo gumu ni bandama: ninavyoitafuta saratani ya nyuroblastoma kwa mtoto mdogo

Nikiletewa mtoto wa mwaka mmoja na nusu mwenye tumbo kubwa, kabla ya kubonyeza popote naangalia chale. Huku Kigoma mtoto akijaa ubavuni jina lake lipo tayari: bandama. Anachanjwa chale, anamezeshwa dawa ya malaria, na wiki zinakatika. Chale zilizokwisha kupona hunionyesha ugonjwa una muda gani vizuri kuliko maelezo ya mdomo. Zikiwa upande wa kulia nasimama kabisa, maana bandama haikai huko.

Malaria ipo, tena sana, na kipimo cha haraka kikionyesha chanya natibu. Ila chanya hiyo haifuti uvimbe. Mkono unarudi tumboni siku hiyohiyo.

Mtoto namwacha mapajani mwa mama yake, ananyonya ikibidi, magoti yamekunjwa. Anayelia tumbo lake linakuwa ubao, hupati kitu. Napasha mikono, naanzia chini nyongani, napanda taratibu. Bandama ina ukingo wenye pengo, inashuka mtoto akivuta pumzi, na vidole havipenyi kati yake na mbavu. Uvimbe wa figo naupata kwa mikono miwili, mmoja kiunoni na mwingine mbele. Nyuroblastoma huanzia kwenye chembe changa za neva, mara nyingi ndani ya tezi iliyo juu ya figo, au kwenye mnyororo wa neva unaopita kando ya uti wa mgongo. Kwa hiyo huwa ngumu, ina vinundu, imeshikamana na nyuma, na mara nyingi inavuka mstari wa kitovu kwenda upande wa pili. Napima kwa utepe, nachora kwenye faili, basi. Wanafunzi kupanga foleni kubonyeza siruhusu: kama ni uvimbe wa figo, unaweza kupasukia ndani.

Kisha natoka tumboni, kwa sababu kwa watoto wengi ugonjwa huu umeshasambaa siku unapogundulika. Namuuliza mama, "Alikuwa anatembea akaacha?" Mifupa ikiingiwa, mtoto anachechemea au anakataa kusimama; selimundu inaweza kuleta maumivu kama hayo, hivyo naipima. Weusi kuzunguka macho bila kuanguka popote humfanya jirani aseme mtoto anapigwa, kumbe uvimbe umefika kwenye mifupa ya jicho. Napapasa kichwa, nagusa ngozi kutafuta vinundu vya bluu, natazama kope moja iliyolegea, na macho yanayorukaruka huku na huku bila mpangilio. Presha napima kwa mkanda wa mtoto. Wa mtu mzima unasoma chini kuliko ilivyo. Miguu ikilegea, au mkojo ukikataa kutoka, uvimbe huenda umeingia kwenye uti wa mgongo. Hiyo ni dharura ya saa, si ya siku, na napiga simu ya rufaa kabla ya kipimo chochote kingine.

Ultrasaundi ipo, lakini ukiandika "tumbo limevimba" utajibiwa "uvimbe tumboni". Mimi naandika maswali. Figo ipo nzima na imesukumwa chini, au imeukumbatia uvimbe kama kucha? Ikiwa nzima na imesukumwa, nafikiria nyuroblastoma. Ikiwa imeukumbatia, nafikiria uvimbe wa Wilms, yaani saratani ya figo ya watoto. Kuna chembe nyeupe za chokaa? Mshipa mkuu wa damu umeinuliwa au umezingirwa? Ini lina madoa? Naongeza picha ya kifua na hesabu kamili ya damu: himoglobini na chembe sahani (zile za kugandisha damu) zikishuka pamoja, uboho huenda umevamiwa.

Mshindani mkubwa ni limfoma ya Burkitt, saratani ya chembe za kinga, na huku kwenye malaria tunaiona. Hiyo hukua kwa siku, wala si kwa miezi, na hupenda watoto wakubwa kidogo, taya likiwa limevimba. Kosa linaloniudhi ni dawa za steroidi, deksamethasoni au prednisoloni, zinazotolewa "kupunguza uvimbe" kabla ya baiopsi, yaani kukata kipande cha kupima. Limfoma inanywea, sampuli haisemi kitu, na chembe zinazokufa kwa wingi zinaweza kuua figo. Mtoto asipewe steroidi mpaka daktari anayempokea aseme.

Kuthibitisha kuna njia mbili: kipande cha uvimbe chenyewe, au chembe za saratani kwenye uboho pamoja na VMA au HVA, mabaki ya kemikali zinazotengenezwa na uvimbe huu, iliyopanda kwenye mkojo. Uboho uchukuliwe nyonga zote mbili, kwa kuwa upande mmoja unaweza kuwa safi. Kipande kinaingia kwenye fomalini, dawa ya kuhifadhi nyama, ya asilimia 10, yaani sehemu moja ya fomalini kali kwa tisa za maji, ikizidi nyama mara kumi kwa ujazo. Si maji ya chumvi, wala chupa ya dawa yenye shingo nyembamba: nyama ikikakamaa haitoki. Slaidi za uboho zifungwe kwenye boksi lake, mbali na fomalini. Mvuke wake unaharibu rangi, na kazi yote inapotea njiani.

Mkojo hauhitaji kukusanywa saa 24. Mililita 10 za mfuko wa kubandika zinatosha, kwa kuwa maabara hulinganisha na kreatinini, taka ya kawaida ya mwili iliyomo kwenye mkojo. Ila ulizia kwanza kama wanataka tindikali ndani ya chupa, weka kwenye baridi na giza, na uliza kuhusu ndizi, kwani vipimo vingine huvurugwa na chakula hicho, nacho hapa kipo kila nyumba.

Barua ya rufaa, iwe ya hospitali ya Bugando au Muhimbili, haianzi na ugonjwa. Inaanza na tarehe ya kuzaliwa niliyoinakili kwenye kadi ya kliniki. "Mwaka na kitu" haitoshi: miezi 18 ni mpaka unaobadilisha tiba. Chini ya umri huo, mtoto ambaye ugonjwa umekwenda kwenye ini, ngozi na uboho kidogo tu anaweza kupona kwa tiba ndogo, wakati mwingine uvimbe ukinywea wenyewe. Kadi ikiwa imebaki Kasulu, naomba ipigwe picha na kutumwa kabla gari halijaondoka.