Wasogdia, Wafanyabiashara wa Asia ya Kati

Miongoni mwa watu wa kale wa Asia, wanaonivutia zaidi ni Wasogdia wa Samarkand, Bukhara na Panjikent, ambao kwa karne nyingi walishika biashara ya Barabara ya Hariri, yaani njia za kale za misafara kati ya China na nchi za magharibi, bila kuwa na dola kubwa ya kwao wenyewe. Mwaka 1907, mwanaakiolojia Aurel Stein alipata barua zao katika magofu ya mnara wa ulinzi karibu na Dunhuang, nchini China. Ziliandikwa mwanzoni mwa karne ya 4. Mojawapo ni ya Miwnay, mwanamke aliyetelekezwa huko na mumewe pamoja na binti yao, akazungushwa na kila aliyemwomba msaada wa kurudi kwao, hata akamwandikia mume huyo kwamba heri angeolewa na mbwa au nguruwe. Kwa bahati mbaya, inaelekea barua hiyo haikumfikia mlengwa, ingawa aliistahili.

Waarabu waliiteka Samarkand mwaka 712, na polepole Kiajemi kikachukua nafasi ya Kisogdia. Jamaa wa karibu wa Kisogdia aliyesalia ni Kiyaghnobi, lugha ya watu wachache wa bonde la Yaghnob, Tajikistan, ambao kuanzia mwaka 1970 serikali ya Kisovieti iliwahamisha kwa nguvu kwenda kulima pamba katika tambarare za Zafarobod. Baadhi yao walirejea milimani baadaye.