Bata wangu wa patipati

Nani aliwaambia watu kwamba bata bandia akipendeza ndiye atakayevuta bata wa kweli? Fundi mmoja wa jua kali hapa Kisumu alinichongea wawili wa mbao, shingo juu kama askari wa gwaride, vanishi mpaka unajiona uso. "Hawa watakuitia bata hadi wa Uganda," akanihakikishia, nami nikatoa elfu moja na ushee. Nikawafunga karibu na mafunjo ya Dunga, ufuoni mwa Ziwa Victoria, jua likapanda. Kundi la bata wa midomo ya manjano likaja likiteremka vizuri, likafika juu yao, likakata kona na kwenda zake upande wa kisiwa cha Ndere. Mng'aro ule bata hawaujui, na mwenzao akinyoosha shingo hivyo huwa ameona hatari. Kumbe nilikuwa nimenunua king'ora.

Kabla hamjauliza: sina bunduki. Uwindaji wa wanyama ulipigwa marufuku Kenya 1977. Mimi natembeza wageni wenye kamera, na wanataka bata karibu.

Baadaye nikasoma kwamba katika pango la Lovelock, jimbo la Nevada kule Marekani, mwaka 1924 walifukua bata bandia waliosukwa kwa matete, umri wao zaidi ya miaka 2,000. Nikasema, mafunjo si tunayo tele? Mama mmoja msusi wa mikeka akanisaidia, akatoka bata wa maana. Kufika mchana alikuwa amekunywa maji, limebaki tuta la mgongo tu. Lakini bata walimsogelea! Hapo nikajua shida ni kuelea, rangi isiyong'aa tayari ninayo.

Siku hizi natumia patipati, zile kandambili, zilizotupwa ufuoni. Ni za bure, gundi ya washona viatu ndiyo inayokula pesa, mia mbili tatu hivi. Mchonge awe mkubwa kidogo kuliko bata halisi, kichwa kimelala kifuani. Rangi ya maji isiyong'aa naichanganya na unga wa mbao; ikikauka inakwaruza kidole.

Sasa mkuku, yaani uzito wa tumboni unaomzuia bata kupinduka. Patipati ni nyepesi mno, upepo kidogo tu bata kalala chali. Nachukua kipande cha nondo, nakifunga tumboni kwa mpira wa tyubu, sikigundishi bado. Bata anaingia kwenye karai. Akizamisha kifua, navuta nondo nyuma kidogo. Akikalia mkia, nairudisha mbele. Akishatulia, namtupa kichwa chini: akijigeuza mwenyewe amefuzu, ndipo gundi. Wavuvi walikuwa wakinipita wakicheka, "Omera, unamfundisha bata kuogelea?" Mmoja akanipa risasi za nyavu, zile za kuzamishia, nitumie badala ya nondo, nikakataa, maana bata akizimeza zinamuua kwa sumu.

Kamba ifungwe kifuani, sio mkiani, ili aelekee upepo. Acha uwazi katikati ya kundi, bata wanahitaji pa kutua. Na jioni watoe wote majini. Kisiwa cha magugumaji kikisukumwa na upepo usiku, hutawaona tena. Wangu wengine sijui wako Homa Bay.

Kama unanunua, simama hatua hamsini hivi uangalie umbo, macho ya shanga achana nayo. Kisha omba karai. Muuzaji akianza hadithi za rangi badala ya kuleta maji, rudisha pesa mfukoni.