Ukumbi ulipokuwa mtupu

Jana kijana anayejifunza kazi ofisini kwetu ameniuliza kwa nini namkataza kutoboa ukuta wa mawe hata tundu moja la skrubu. Nilimjibu kwa ufupi, lakini usiku mzima mawazo yangu yalikuwa kwenye lile jengo la kale la mawe tulilogeuza kuwa kiwanda cha bia na ukumbi wa muziki.

Upande wa bia haukutusumbua sana. Tangi la lita 1,000 likijaa linapita tani moja, na sakafu ya mbao isingelihimili, basi matangi yakashushwa chini kwenye zege lililotengwa na kuta. Mvuke wa kuchemshia kimea tuliutolea kwenye dirisha lililokwisha kuzibwa zamani. Bia ikichachuka hutoa hewa ya ukaa, nayo ni nzito, hutuama sakafuni. Kwa hiyo feni na king'ora vilifungwa chini, usawa wa magoti.

Shughuli ilikuwa muziki.

Siku ya majaribio alikuja mpiga besi na spika moja. Kwanza nilipiga kofi. Mwangwi ukapanda hadi kwenye boriti, ukazunguka huko juu, ukachelewa kweli kuisha. Kisha mpiga besi akaukung'uta uzi mnene kuliko zote. Uzi ule hutetema kama mara 41 kwa sekunde, na wimbi lake lina urefu wa mita nane na ushee. Pazia halifui dafu mbele yake. Chembe nyeupe zikaanza kudondoka kutoka kwenye maungio ya boriti na ukuta, zikatutua mabegani. Mzee wetu wa chokaa, yule aliyekuwa hataki hata kuuona mfuko wa saruji kwa sababu saruji hufungia unyevu ndani ya jiwe, alibandika kiganja ukutani.

"Hebu acha kwanza, mwanangu," alimwambia mpiga besi. Akaushika mkono wangu na kuuweka pale pale. Jiwe lilikuwa baridi, na bado lilikuwa likivuma.

Basi tukajenga chumba ndani ya chumba: sakafu yake, dari yake, vyote juu ya vikalio vya mpira, pasipo kugusa ukuta. Siku moja kitafunguliwa skrubu kwa skrubu na mawe yabaki yalivyokuwa. Mwangwi ukafupika hadi sekunde moja hivi, ndivyo muziki wa spika unavyotaka. Wanamuziki walifurahi, nami nilifurahi.

Ila kibali cha ukarabati kilitulazimu kulinda boriti, madirisha, hata bawaba. Sauti ya ukumbi ule haikuandikwa popote, na wanaokunywa pale leo hawajawahi kuisikia. Mhandisi wa sauti husema mwangwi wa chumba kitupu si urithi, watu wakijaa hupungua wenyewe. Hoja yake ina uzito. Hata hivyo siku hizi nadai ukumbi urekodiwe kabla ya fundi yeyote kuingia. Yeye anaona ni gharama ya bure, na mpaka leo hatujaafikiana.