Pethidini ya kila saa sita

Nikiwa mwanafunzi wa dawa za usingizi katika hospitali moja ya mkoa, binti mmoja alitujia mbio mpaka mlango wa thieta. “Dokta, mama anaruka.”

Tulipofika wodini niliona alichomaanisha. Vidole vya mkono wa kulia vinashtuka, mara bega, mara shavu linavutwa upande, kisha kunatulia. Macho yako wazi, ukimwita anaitika, ila maneno yanakatika. Hatujakaa sawa, akakakamaa mwili mzima na kuanza kutikisika.

Mwalimu wetu, wodi nzima ikimwita Mzee, akamlaza ubavu, akaagiza oksijeni na diazepamu. Mtikisiko ulipokoma, watu wa kitanda cha pili walishaamua ni mashetani. Sista wa zamu alikuwa na hesabu yake: mgonjwa anachomwa pethidini ya maumivu, pethidini ni ndugu wa mofini, basi imemzidi. Naloksoni, dawa ya kuzima nguvu ya mofini na ndugu zake, ilishaingia kwenye bomba la sindano.

“Weka chini kwanza, sista. Anapumua mara ngapi?”

Mara 22 kwa dakika. Na mboni za macho hazikuwa zimesinyaa. Aliyezidiwa na mofini hapumui hivyo.

Mzee akaomba faili. Kidole kikashuka kwenye chati ya dawa: pethidini miligramu 100 kila saa 6, usiku na mchana, tangu siku ya operesheni ya utumbo. Akafunua majibu ya maabara, kreatinini, taka inayochujwa na figo, iko juu. Kisukari cha miaka mingi kilishazichosha figo.

“Ini likiivunja pethidini linatoa nopethidini,” alituambia. “Hiyo kazi yake ni kuuchokoza ubongo. Pethidini yenyewe inapungua nusu kwa saa tatu au nne. Nopethidini, hata kwa mwenye figo nzima, ni saa 15 mpaka 30. Huyu je?” Naloksoni, alisema, ingeuondoa utulivu wa pethidini na kuuacha uchokozi peke yake.

Thieta nilishaona fentanili, ndugu mwingine wa mofini, ikikaza kifua cha mgonjwa hadi mfuko wa hewa haubonyezeki, lakini ile ni misuli tu, na dawa ya kulegeza huimaliza. Hii ilikuwa kifafa cha kweli, tena kutoka kwa dawa ambayo Wajerumani waliipata mwishoni mwa miaka ya 1930 wakitafuta kitu cha kulegeza mikakamao! Nami nilikuwa nikiiona ndiyo dawa ya upole kuliko zote kabatini.

Pethidini ikakatwa. Akawekewa parasetamoli ya mshipa, na fentanili kidogo ambayo Mzee alikuja kuichoma mwenyewe. Kushtuka hakukukoma siku hiyo. Kulififia taratibu hadi kesho yake jioni.

Binti alikuwa na swali moja tu: je, kifafa kimeingia kwenye ukoo wao?

“Hapana, mwanangu. Ni dawa, na inatoka.” Mzee akaomba daftari la kliniki ya kisukari, akaandika kwenye jalada kwa herufi kubwa: ASIPEWE PETHIDINI.