Dirisha la kubadilisha: pima tundu, usipime fremu kuukuu

Dirisha likishakatwa Malindi au Mombasa, likavushwa kwa mashua kutoka Mokowe, gati la bara, na kubebwa na punda hadi mtaa wa Langoni, Lamu, kulirudisha kwa sababu limezidi sentimita mbili ni hasara juu ya hasara. Na mara nyingi kosa si la karakana. Ni la aliyepima dirisha kuukuu akadhani amepima tundu.

Chukua dirisha la chuma. Fremu yake imeshikwa na miguu iliyojengewa ukutani, kisha lipu ikafunika ukingo, kwa hiyo unachokiona si fremu nzima. Chumvi ya bahari ikishaila, kutu huvimba na kuisukuma lipu. Ule ufa unaofuata ukingo wa dirisha ndio dalili. Siku ya kuling'oa, lipu hiyo itaanguka na tundu litapanuka. Bora kung'oa kwanza, kupiga lipu upya, ikauke, ndipo upime. Kama hutaki kulala bila dirisha, bomoa lipu kidogo kwa patasi kila mahali utakapoweka tepu mpaka uone jiwe, upime jiwe kwa jiwe.

Upana pima juu, katikati na chini. Kimo pima kushoto, katikati na kulia. Andika milimita, na ushike kile kidogo kabisa. Tuseme upana umetoka 1204, 1198 na 1207, na kimo 1212, 1209 na 1215: tundu lako ni 1198 kwa 1209. Wastani hausaidii kitu hapa, maana fremu itakwama pale penye 1198 hata kwingine pakiwa wazi. Sasa toa 10 kwa kila kipimo, yaani 5 kila upande, nafasi ya kusawazisha na kujaza silikoni. Unabaki na 1188 kwa 1199.

Bado hujamaliza. Pima kona kwa kona, mara mbili. Zikilingana, tundu limekaa sawa. Zikitofautiana, tundu limelala upande, na fremu yenye kona sawa haitaingia vizuri. Kwa tundu linalokaribia mraba kama hili, gawanya tofauti kwa 1.4 upate kiasi lilivyolala. Tofauti ya milimita 8 ni kulala kwa karibu 6. Ikiwa pimamaji linaonyesha chini pako sawa na ni ubavu ndio umeinama, hizo 6 zinatoka kwenye upana: agiza 1182. Tofauti ikivuka 15 au hivi, rekebisha ukuta kwanza. Silikoni nene inachanika.

Jihadhari pia na futi. Futi nne kamili ni milimita 1219, lakini karakana nyingine ukiwaambia "nne kwa nne" wanakata 1200. Milimita 19 zinatosha kuharibu kazi. Mwambie fundi kwa milimita tu, na umuulize: hiki ni kipimo cha tundu au cha fremu? Ukimpa cha fremu naye akatoa 10 tena, utajaza pengo kwa saruji mpaka uchoke.

Nyumba za matumbawe za mtaa wa Mkomani, Lamu, zina mambo yake. Ukuta ni mnene, na mara nyingi tundu ni pana ndani kuliko nje, basi pima pale pale fremu itakapokaa, si mdomoni. Fremu ya mbao usiharakishe kuitoa: dunga bisibisi chini, pale miimo inapokutana na kizingiti. Ikiwa ngumu, iache, upime ndani ya miimo. Utapoteza mwanga kidogo lakini ukuta hautaguswa. Na kwa kuwa Mji wa Kale wa Lamu umo kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu 2001, pita kwanza ofisi ya uhifadhi ya Makumbusho kabla ya kubadilisha chochote kinachoonekana kutoka njiani.

Kuhusu aina, dirisha la kusukuma lenye vioo viwili hufunguka nusu tu. Kwa joto la huku, nusu ya upepo ni kidogo, kwa hiyo chumba cha kulala kinafaa dirisha la bawaba au la vibao vya kioo. Ila la bawaba linalofungukia nje kwenye kichochoro litampiga mpita njia, au mzigo wa punda. Wavu wa mbu utaje kabla ya kuagiza: kwa dirisha la kusukuma unahitaji reli ya tatu, na fremu inakuwa nene zaidi.

Kufunga: skrubu ya chuma cha pua, milimita 150 kutoka kila kona, kisha isizidi 600 kati ya moja na nyingine. Shaba isiguse alumini, la sivyo alumini italiwa na chumvi. Matumbawe yatoboe bila kugongesha drili, la sivyo tundu la skrubu linameguka. Funika alumini kwa tepu ya karatasi kabla ya lipu. Chokaa mbichi na saruji huacha madoa yasiyofutika. Vitundu vya kutolea maji vielekee nje, na uvichokonoe mchanga kabla ya mvua za masika.